Bahasha Niliyoitoa Mnadani

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimekata majani ya ng'ombe nikiwa nimejifunika gunia. Ndama anakula vizuri sasa.

Saa nne binti yangu Aikande kaletwa na teksi kutoka kwake Soweto, mjini. Miguu imevimba, viatu havimwingii. Presha. Mimba ya miezi sita. Daktari wa huku ameagiza alale, asirudi kazini mpaka aruhusiwe. Mumewe yuko safarini na lori, mpakani Holili na kuendelea. Mama yake amemtandikia chumba cha mbele.

Binti anahofia kazi. Anapokea simu za wageni katika kampuni ya kupandisha watalii mlimani. Kaniuliza, "Baba, si ndiyo nitakuwa nimeanza likizo ya uzazi?" Nikamweleza, na naandika hapa kwa kuwa ni vizuri jambo likae sawa kichwani. Hapana. Ugonjwa una fungu lake na uzazi una fungu lake. Mjamzito anayeugua ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Akiwa na cheti cha daktari analipwa mshahara kamili siku sitini na tatu za kwanza, kisha nusu kwa siku sitini na tatu zinazofuata. Likizo ya uzazi ni siku themanini na nne, na inaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua. Yeye anatarajiwa tarehe 14 Julai. Basi fungu la uzazi lisiguswe hadi katikati ya Juni. Zile siku ni za mtoto.

Miaka thelathini na moja nilikaa idara ya utumishi. Hili silibahatishi.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Ibada ndefu. Baada yake mnada wa sadaka uwanjani kama kawaida: ndizi, mayai, maziwa, kuku. Godlisten alinipandishia bei ya mkungu makusudi. "Baba ana pensheni huyu, asituonee!" Watu wakacheka. Nikaununua kwa bei ya aibu.

Godlisten ni mwanangu wa ubatizo. Nilimshika mimi mbele ya mchungaji. Barua yake ya kwanza ya kuomba kazi aliiandika kwenye meza hii ninayoandikia. Leo ndiye afisa utumishi wa kampuni ya Aikande. Nilimpa bahasha yenye cheti cha daktari, hiki vijana wanachokiita ED, cha siku kumi na nne. Ndivyo tunavyofanya huku. Wenye kazi mjini wanapanda Jumapili, na karatasi zote zinashuka nao.

"Niachie mimi, baba. Mwambie dada alale."

Mama yake, jirani yetu, alikuwa pembeni ameshika kuku miguu. "Usiichanganye na sadaka wewe, mchungaji ataisoma madhabahuni!" Godlisten akaichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Nimerudi na moyo mwepesi.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka ya pili. Presha ya Aikande haijashuka. Daktari kaandika cheti kingine, siku thelathini. Nimempelekea Godlisten kwa mama yake. Nimemkuta anachuna mbuzi. Kanawa mikono, kapokea.

Jumatano, 30 Aprili

Mishahara imetoka. Wenzake wote wamepata ujumbe kwenye simu tangu asubuhi. Yeye hajapata. Nimemwambia benki hizi wakati mwingine zinachelewa. Ninajua hazichelewi kwa mtu mmoja.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimempigia Godlisten mara nne. Hapokei.

Jumatatu, 5 Mei

Barua imefika. Imesainiwa na Godlisten.

Inaanza, "Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Nilimfundisha mimi kuanza hivyo. Inasema Aikande ametoweka kazini tangu tarehe 7 Aprili bila kuleta cheti chochote. Ni utoro. Lakini kampuni kwa huruma yake itamsamehe endapo atasaini kwamba likizo yake ya uzazi ilianza siku hiyo hiyo. Akisaini atalipwa. Ana siku saba. Asiposaini, kazi hana.

Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, mara mbili. Siku themanini na nne kuanzia 7 Aprili zinaisha 29 Juni. Mtoto anatarajiwa 14 Julai. Likizo ya uzazi itaisha kabla ya uzazi.

Sijala.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshuka mjini. Nilivaa koti.

Godlisten alisimama nilipoingia. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Vyeti viko wapi?" Mkurugenzi alikuwa meza ya pili, ameinamia kompyuta, anasikia yote.

"Vyeti gani, baba?"

Nikamtajia siku, mahali, mkungu, kuku. Hakuniangalia. Alikuwa anapanga kalamu zilizokwisha kupangwa. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayesoma, "Una nakala iliyosainiwa?"

Swali hilo ni langu. Nimewauliza watu swali hilo maisha yangu yote ya kazi. Nilimfundisha mimi aliulize.

Ni afadhali angenizaba kofi. Kofi ningelielewa.

Jumatano, 7 Mei

Kosa ni langu pia. Niliandike wazi. Karatasi haitoki mkononi mwako mpaka nakala iwe imesainiwa: nimewaambia hivyo makarani wangapi? Kisha nikatoa cheti cha mwanangu mnadani, katikati ya mayai na ndizi, kwa sababu aliyepokea ananiita baba. Kudai saini kwa mwanao wa ubatizo, mbele ya mama yake, huku ni kama kumtukana. Sikutaka kumtukana.

Aikande anataka kusaini. "Baba, nipeni tu hiyo kalamu, yaishe." Mama yake yuko upande wake. Kaniambia jikoni, huku anakoroga mtori, "Wewe na mafungu yako, Baba Aika. Mtoto presha inapanda, wewe unahesabu kalenda."

Presha imepanda kweli. Nimeificha kalamu. Mzee mzima, naficha kalamu.

Alhamisi, 8 Mei

Daktari ametafuta kitabu chake. Vishina vya vyeti vyote viwili vipo, na tarehe. Kaniandikia upya na kupiga muhuri. Kwa hiyo ugonjwa una ushahidi. Kilichobaki ni kwamba vilimfikia mwajiri. Hilo lina shahidi mmoja tu duniani, na ni mama yake Godlisten.

Siwezi kwenda kumwomba mama amshuhudie mwanawe kwa ubaya. Nimefika kwenye mpaka wa mashamba yetu, nikarudi.

Jumamosi, 10 Mei

Leo wamekuja wote wawili, Mama Godi mbele, mwanawe nyuma. Mama Godi alikuwa na isale mkononi.

Nilipoliona lile jani nilisimama. Masale ndiyo yanayozunguka vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, yanatutenga na jirani. Lakini jani lake likikatwa likaletwa mlangoni, ni kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Baba yangu aliletewa isale na mtu aliyemchomea ghala. Akapokea. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Nikawakaribisha. Mama yake Aikande akaleta maziwa. Godlisten akakiri. Vyeti vyote viwili vimo kwenye droo yake. Mvua hizi wageni ni wachache, na mkurugenzi hataki kulipa mtu aliyelala kisha amlipe tena akijifungua. Alimwambia atafute namna. Akatafuta.

"Nimekosa, baba. Nisamehe."

Nikanyoosha mkono kulipokea jani. Hapo akaongeza, "Basi usiende kushtaki kwenye Tume ya kazi. Dada asaini tu, mimi nitamsaidia kwa mlango wa nyuma. Wakijua vyeti vilifika, mimi ndiye nitakayefukuzwa."

Mkono wangu ulibaki hewani. Nikaelewa jani lilikuja kufanya nini. Mara ya kwanza alinisaliti kwa swali langu. Safari hii ametumia jani la baba zangu. Hii ya pili imeniuma zaidi.

Nimelipokea. Hakuna namna ya kutolipokea. Lakini nilimwambia hivi: "Godi, ulichonikosea mimi nimekusamehe leo. Siku za mtoto wa Aikande si zangu. Siwezi kukusamehe kwa mali ya mtu ambaye hajazaliwa."

Mama Godi akamgeukia mwanawe. Sijawahi kumsikia na sauti ile.

"Ulinivusha mpaka wa watu na isale ili nije kumziba mzee mdomo?"

"Mama, sio hivyo..."

"Nilikuwa nimeshika kuku. Nina macho. Na ya pili ulipokea na damu ya mbuzi kwenye kiwiko." Akaniuliza mimi, "Baba Aika, siku ya mwisho lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu tunashuka wote."

Aliondoka bila kumaliza maziwa. Godlisten alimfuata akiwa ameinama, kama zamani akitoka kuchapwa.

Jumatatu, 12 Mei

Tumeshuka. Mama Godi alivaa kitenge cha Krismasi. Nilikuwa na barua ya madai mfukoni, nakala tatu, na nilimwambia tukishindwa ofisini tunanyoosha moja kwa moja hadi Tume.

Ofisini mkurugenzi alitupokea amesimama. "Wazee, karibuni. Huyu binti amesaini?" Nikasema hajasaini wala hatasaini. Nikaanza kumweleza fungu la ugonjwa na fungu la uzazi. Akanikatiza kwamba bila cheti hakuna ugonjwa. Mama Godi akafungua mdomo.

Kabla hajatoa neno, droo ililia. Godlisten ameifungua. Kaweka vyeti vyote viwili mezani, na bahasha zake. "Vilifika, bosi. Nilivipokea mimi, kwa wakati."

Hakumtaja aliyemtuma. Mkurugenzi pia hakumtaja. Akasema kumbe ni uzembe wa karani, na barua itafutwa. Nikaomba aandike hapo hapo. Akaandika. Nikaomba muhuri kwenye nakala.

Mama Godi alilia tukishafika nje, kidogo, kwa kitambaa.

Ijumaa, 16 Mei

Mshahara wa Aprili umeingia, kamili. Godlisten kapewa onyo la maandishi. Wengine wanasema ana bahati.

Bado nina hasira. Nilidhani msamaha ukishatamkwa hasira inaondoka nao. Haiondoki. Nalala nayo, naamka nayo.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Presha ya Aikande imetulia, bado analala kwa cheti kipya cha daktari. Leo zimetimia siku sitini na tatu. Kuanzia kesho nusu mshahara kwa siku saba, kisha tarehe 16 likizo ya uzazi inaanza, hadi 7 Septemba. Nimemwonyesha kwenye kalenda. Kaniambia, "Baba, hata mtoto ameshakariri." Amecheka. Mara ya kwanza tangu Aprili.

Mnadani Godlisten hakupandisha bei ya mtu. Nimechukua mayai kwa bei ya haki. Alinifuata hadi langoni. "Shikamoo, baba. Barua ya dada ya kuanza likizo iko tayari? Naweza kushuka nayo."

Ilikuwa mfukoni mwangu. Aliiona ncha yake.

Nikamwambia, "Asante, Godi. Nitaipeleka mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishikia mayai nilipokuwa navuka mtaro.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeshuka mjini na barua. Dada wa mapokezi kaipokea, kasaini, kapiga muhuri kwenye nakala. Dakika mbili.

Nakala nimeiweka ndani ya droo ya meza hii. Isale limo humo tangu Mei. Limekauka, limejikunja, rangi imekwenda. Sikulitoa. Nimeilaza nakala juu yake, nikafunga.

Mvua imeisha. Nimekwenda kukata majani ya ng'ombe.