Ujumbe Nilioufuta, na Rhonda Anayebebeshwa Lawama

Bi Loretta mpendwa, nisaidie kabla aibu haijanimaliza. Mimi ni kepteni wa ndege, mwaka wa kumi na tisa huu hapa Minneapolis, na mkataba wetu wa kazi na kampuni ulifika mwisho miaka minne iliyopita, lakini kwa sheria ya serikali kuu haufi, tunaburuzwa nao uleule, na kugoma ni marufuku mpaka bodi ya upatanishi ituachie, kisha tungoje siku thelathini zaidi, na kampuni inalijua hilo fika, ndiyo maana wakubwa wake wakija kikaoni wanatafuna donati na kutuuliza, "Mna haraka ya nini, jamani? Ndege si zinaruka?" Basi Novemba, siku yangu ya mapumziko, niko uwanjani namtazama binti yangu Annika akicheza hoki, wakanipigia niruke safari ya ziada, nikakataa, wakapiga tena, mara ya tatu damu ikanichemka nikaandika kwenye kundi la simu la marubani, kwa jina la utani: "Wiki ya Sikukuu ya Shukrani mtu asiguse safari ya ziada. Wakubwa watakiona cha mtema kuni!" Karibu wote wakaitikia, safari zikafutwa, abiria wakala sikukuu wamekalia masanduku yao, na sasa kampuni imekishtaki chama chetu cha marubani na kumsimamisha kazi kiongozi wetu, Rhonda Vandermolen, ikidai ujumbe ni wake, wakati yeye ndiye aliyetukanya kila siku tusigome kwa siri, na tulipoandamana na mabango kwenye theluji alivua glavu zake akanipa, "Vaa, kepteni, mikono hiyo ina kazi." Ujumbe nimeufuta. Mke wangu Ingrid anasema, "Nyamaza, mume wangu, chama kina mawakili." Ninyamaze?

Rubani, Minneapolis

Wewe Rubani,

Kwanza hao wenye donati. Miaka minne! Sheria iliwekwa ili ndege zisisimame, wao wameigeuza kitanda cha kulalia. Hawana haya hata kidogo.

Lakini wewe nawe! Kukataa safari yako ilikuwa haki yako, ungezima simu ukamshangilia mtoto. Kuwaita wenzako wote wakatae pamoja, mazungumzo yakiendelea, ndicho hasa sheria inachokataza, na usiniambie hukujua. Umewapa kisingizio walichokitafuta miaka yote hiyo. Kisha ukafuta ujumbe, ukamwachia mwanamke aliyekukanya abebe mzigo wako. Hapo umenikera kwelikweli.

Ingrid anakupenda, ila kwa hili usimsikilize. Mawakili wa chama wanatetea chama. Kesho asubuhi tafuta wakili wako mwenyewe, umweleze yote, pamoja na hilo la kufuta. Mkabidhi simu, usiguse kitu tena humo. Kisha, kwa mwongozo wake, toa taarifa kwa jina lako kamili kabla jaji hajasikiliza kesi. Huenda ukapoteza kazi. Inauma, wala sikufichi. Lakini Rhonda anapoteza yake sasa hivi, kwa kosa lako.

Ukishasaini taarifa hiyo, nenda kwake mwenyewe, asisikie kwa watu. Hukuandika kama ulimrudishia glavu zake, kwa hiyo najua bado unazo. Mpelekee.