Chumba cha Nyuma ya Madhabahu

Jumapili, 8 Juni

Wamemchukua Fundi. Mume wa Mama Mapacha. Ilikuwa jana asubuhi, palepale anapojenga, mikono bado ina saruji. Watu wa uhamiaji walifika, wakaomba kibali. Hana. Hajawahi kuwa nacho tangu akimbie vita kwao akiwa kijana, na mtaa mzima unajua, na mtaa mzima bado ulimwita paa likivuja.

Mama Mapacha alikuja ibadani hivyohivyo. Naye hana kibali. Alikaa mahali pake kwenye kwaya, sauti ya kwanza, asifungue mdomo. Mimi ndiye kiongozi wa kwaya — nilitamani niusimamishe wimbo. Sikuweza. Mabinti zake wawili walikuwa wanaimba kwa nguvu, kana kwamba wanamfidia mama yao.

Mchungaji alifungua Biblia. Akaifunga. Akasema: yeyote ambaye Fundi amewahi kumjengea au kumrekebishia kitu, asimame.

Mabenchi yakaanza kulia. Nusu ya kanisa! Hata mzee wa kanisa, ambaye magoti humuuma hadi wakati wa sala, alisimama wima kama askari.

Mdogo wangu hakusimama. Ukuta wa nyumba yake wote ni mkono wa Fundi. Lakini yeye ni afisa uhamiaji. Tangu utotoni tunamwita Bosi, maana alikuwa hodari wa kugawa kazi ambazo yeye hazigusi. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sikumsalimia tulipotoka.

Jumanne, 10 Juni

Mama Mapacha alikuja kumhudumia mama yangu kama kawaida. Tangu mama apatwe na kiharusi, yeye ndiye anayemgeuza, anamkanda mguu, anamchana nywele. Mimi nina mikono ya cherehani — nikimkanda mama analalamika kwamba nampiga pasi.

Nilimwambia leo apumzike. Akanijibu: nikikaa nyumbani nitasikiliza mlango tu.

Halafu mimi na Mchungaji tukaenda kituo wanakowazuilia watu. Mama Mapacha mwenyewe angeendaje? Angeingia asitoke.

Ukumbi mrefu, madirisha juu kabisa, harufu ya dawa ya kudekia. Askari alituambia tusimpe kitu mkononi. Fundi akaletwa, hana mkanda, anashikilia suruali. Nikaangalia pembeni. Mtu niliyezoea kumwona juu ya ngazi!

Aliuliza watoto wanakula? Wanakula. Akauliza mkewe analala wapi. Mchungaji akasema yuko salama. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeacha wosia: mwambieni mwenye ile nyumba niliyokuwa najenga aufunike ukuta wa nyuma. Mvua ikiukuta haujakauka, utaanguka.

Nikarudi na Mchungaji. Tulipofika kona ya mtaa wetu akasema, "Mtu anafukuzwa nchini, na wasiwasi wake ni ukuta wetu."

Alhamisi, 12 Juni

Mama Mapacha na mabinti wamehamia kanisani. Kile chumba cha nyuma ya madhabahu, tunapotunza majoho. Baraza la kanisa limekaa tangu mchana. Mzee wa kanisa aliogopa, na sikumlaumu. Alisema serikali ina mkono mrefu, kanisa lina paa la bati tu. Mmoja akauliza: na wakija? Mchungaji akajibu kwamba hakuna anayemficha. Mlango uko wazi, wakija watamkuta amekaa. Ila watapita mbele yetu kwanza.

Tukapiga kura. Imepita. Si kwa wingi.

Nimepeleka magodoro na ile feni inayopiga kelele. Pacha mmoja akauliza kama tunaruhusiwa kucheka humu ndani. Nikamwambia humu ndiko hasa.

Ijumaa, 13 Juni

Kwa Mbunge. Mimi, Mchungaji, na Sheikh wa msikiti wa barabara ya pili. Sheikh alikuja mwenyewe, hakuitwa. Alisema waumini wake watatu wamechukuliwa wiki hii hii, sasa tulie pamoja au tulie kila mtu na ukuta wake?

Kuna muswada bungeni. Aliyeishi hapa miaka mingi, anafanya kazi, hana kosa — apewe njia ya kuomba kibali bila kukamatwa kwanza. Basi. Si kitu kikubwa. Umekaa kabatini tangu mwaka jana.

Mbunge alitukaribisha vizuri, soda baridi, viti vya kuzunguka. Akasema anawapenda wageni, ila utaratibu ni utaratibu. Akacheka: wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!

Sheikh akaweka soda chini. "Mheshimiwa, jembe alipewa. Amelima mpaka limeisha makali. Nyumba hii tuliyokaa, nani aliipiga lipu?"

Mbunge akaangalia ukuta. Hakujua. Sisi tulijua.

Mchungaji alifumba macho. Nadhani alikuwa anaomba asicheke.

Tuliondoka na ahadi ya "nitalifikiria." Sheikh alisema amewahi kupewa ahadi nyembamba zaidi.

Jumatatu, 16 Juni

Bosi alikuja kumwona mama. Huja kila Jumatatu, analeta matunda, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri basi. Leo hakumkuta Mama Mapacha. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza mama, vibaya.

Akasema, Dada, usijiingize. Akasema sheria hakuitunga yeye. Akasema hakuna sheria inayokataza kuingia kanisani, "ni aibu tu inayotuzuia, na aibu haidumu."

Nikajibu maneno makali. Siyaandiki.

Mama alimtazama Bosi. Tangu kiharusi, maneno yake hutoka moja moja kama maji ya bomba lililoziba. Akamwita. Akamwambia, "Huyo mgeni wako. Ndiye. Anayenigeuza."

Bosi akasema anajua.

"Basi nigeuze wewe."

Akajaribu, masikini. Alimshika mama kama anashika yai. Hakuweza. Alitoka bila kuaga, na alipopita dirishani nilimwona anafuta uso kwa mkono wa sare.

Nilikuwa nimekasirika naye sana asubuhi. Jioni hii sijui nina nini.

Jumatano, 18 Juni

Mvua. Ule ukuta wa Fundi — nilikwenda kuangalia. Umefunikwa turubai, mwenye nyumba kaweka mawe kila pembe.

Mazoezi ya kwaya. Mama Mapacha aliimba kwa mara ya kwanza. Hakutoka chumbani. Aliimba akiwa ndani, mlango wazi kidogo, na sisi tukapunguza sauti ili tumsikie.

Ijumaa, 20 Juni

Wakili anayetusaidia kasema ombi la kumtoa Fundi limekataliwa. Watamsafirisha. Lini? Hawasemi. Mchungaji mwenyewe alienda kumwambia Mama Mapacha. Mimi nilikaa nje na mabinti, nawafundisha kushona vifungo. Tulisikia sauti moja tu. Si kilio. Kama mtu aliyekanyaga msumari.

Pacha mmoja aliendelea kushona. Mwingine alinitazama mpaka nikashindwa kumtazama.

Halafu, alasiri, Bosi akaja dukani kwangu. Hajawahi kuja dukani na sare! Mteja aliyekuwa anapimwa gauni akakumbuka ghafla ana shughuli.

Hakukaa. Alishikashika kitambaa mezani, akaniuliza bei, ambayo hakuitaka. Kisha akasema, bila kuniangalia: Jumapili usimpeleke mama kanisani.

Kwa nini?

"Nimesema tu, Dada. Jua kali."

Juni yote hii mvua inanyesha.

Aliondoka. Nimeshona mkono wa gauni kinyume, nimeufumua, nikaushona kinyume tena. Alikuja kunionya, au alitumwa kututisha tumtoe Mama Mapacha wenyewe, wamdake barabarani? Huyu mtoto nilimbeba mgongoni. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Na leo nasimama mbele yake sijui anasema nini.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemweleza Mchungaji. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja: ndugu yako ni mwongo? Nikasema hapana. Mkaidi, mwoga, mwenye majivuno. Mwongo, hapana.

Akasema basi watakuja.

Mama Mapacha kaulizwa anataka nini. Yeye ndiye wa kuamua, si sisi. Tungeweza kumpeleka kwa watu wa mbali usiku huu. Akafikiri. Akasema amekimbia mara moja maishani, akiwa na mguu mmoja wa kiatu, na aliyemshika mkono njiani ndiye yule mumewe. Hana tena nguvu za kukimbia wala wa kumshika mkono. Atabaki. "Wakinikuta, wanikute nimevaa vizuri."

Nimempigia pasi gauni lake la kwaya.

Sheikh amepeleka ujumbe: watu wake watakuja, watasimama uani, hawatapiga kelele. Mzee wa kanisa amesema atakaa mlangoni. Yeye! Na magoti yale!

Mama nimemwambia abaki nyumbani. Akaniangalia kama nimemtukana.

Jumapili, 22 Juni

Naandika chumbani, nyuma ya madhabahu. Mchungaji ameniambia nikae na Mama Mapacha ili asiwe peke yake. Naandika ili mkono uwe na kazi. Kwaya inaimba bila mimi. Wanakimbiza, wanakimbiza! Woga huo.

Mama yuko nje ya mlango wetu huu. Alisema apelekwe hapo na kiti chake cha magurudumu, akaegeshwa kuziba mlango kabisa. Hakuna aliyethubutu kumbishia.

Magari yamefika. Nimesikia milango yake. Watu wa Sheikh wametulia kimya kama walivyoahidi. Mzee wa kanisa anasema kitu pale mbele, sauti yake juu, kisha haisikiki tena.

Wimbo umekatika.

Viatu. Watu wanne, watano, wanakuja kwa njia ya katikati. Mchungaji anawaambia karibuni, ibada inaendelea. Kuna anayejibu, simfahamu, mkubwa wao labda. Anasema, "Afisa, wewe ndiye unayewafahamu hawa. Nenda."

Viatu vya mtu mmoja sasa. Navijua vinavyotembea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua. Kofia."

Nadhani amevua.

"Mama, naomba unipishe."

"Siwezi. Kutembea."

"Mama, tafadhali. Wananiangalia."

"Nisukume. Basi. Breki iko. Huku. Kushoto."

Mama Mapacha amesimama. Amenyoosha gauni. Nimemshika mkono, wa kwangu ndio unaotoa jasho. Mabinti wamekaa juu ya godoro, wamekumbatiana.

Sisikii breki.

Mtu anasema kwa ukali kule nyuma, "Afisa!"

Sisikii breki. Nasikia anapumua, yule mdogo wangu, karibu sana, upande wa pili wa ubao huu, na sasa nasikia kitu kama mtu anapiga magoti sakafuni, na mama anasema jambo kwa sauti ndogo ambayo ni ya mwanawe peke yake.