Swali la Pili

Jumatatu, 3 Machi 1975

Tumefika hospitali ya misheni mchana, juu ya lori la unga wa msaada. Mimi na mke wangu Dorkas. Wamempa kitanda katika wodi ya pembeni, ile yenye nondo madirishani. Mimi nitalala sakafuni kando yake, kama ndugu wengine wanaouguza hapa.

Niandike sawasawa, maana kichwa kimechoka. Tangu tuhamishiwe Kijiji cha Umoja mwaka jana, mke wangu hataki kula. Chakula kipo — unga wa njano, lakini kipo. Anasema chakula cha njiani hakikai mwilini.

"Njiani wapi, Mama Maria? Tumeshafika."

Ananitazama kama natania.

Kisa ni mafiga. Kwao mwanamke hahesabu kwamba amehamia nyumba mpaka mafiga yake yawe yamepangwa humo, yale aliyopewa na mama yake. Siku ya kuhama aliyapakia mwenyewe. Kijana wa mgambo akayashusha. "Bibi, mawe Singida hii utayakosa wapi?" Lori zima likacheka.

Jana nimemkuta tena Itundwi, kwetu kwa zamani. Tembe limebomolewa paa, kuta zinayeyuka kwa mvua. Yeye anafagia uwanja! Na anazungumza na Maria, binti yetu, tuliyemzika pale nyuma ya zizi. Si kuomba. Anazungumza, ananyamaza, anasikiliza, anajibu. Hilo la kusikiliza ndilo lililonifanya nimlete.


Jumanne, 4 Machi

Hapa pana shule ya manesi. Mwaka huu wameongezewa somo jipya, saikolojia na uuguzi wa akili, na wodi hii ndiyo darasa lao. Kila mwanafunzi anapewa mgonjwa wake, amchunguze kisha amweleze mbele ya wenzake. Dorkas amepewa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Klara, mtoto wa Itigi, baba yake wa reli. Alipiga goti. "Shikamoo bibi." Dorkas akamwitikia vizuri kabisa, akamuuliza hali ya nyumbani kwao. Nikapata moyo.

Halafu akaja mkufunzi, Bwana Antipasi, na darasa zima nyuma yake. Maswali.

Leo siku gani? — Jumanne.

Unaishi wapi? — Itundwi.

Antipasi akatazama kadi. Akarudia taratibu, kama mtu anayeongea na kiziwi. Itundwi, akasema Dorkas, nyumba ya tatu ukivuka korongo, yenye zizi la miiba.

Mia moja ukitoa saba? — "Mia ya nini? Mbuzi au shilingi?"

Wanafunzi wakaziba midomo. Antipasi hakucheka. Akawageukia, akawaeleza kwamba siku anaijua, mahali amepapoteza, na kwamba huo ndio mpangilio waliousoma jana. Akasema hayo yote akiwa amesimama miguuni pa kitanda. Na mke wangu anasikia Kiswahili kuliko hata yeye! Nimemfundisha mimi.

Klara akaandika. Ameniambia baadaye kwamba mgonjwa huyu ndiye mtihani wake, akikosea anarudishwa mwaka mzima.


Jumatano, 5 Machi

Hajala. Uji umeganda kwenye kikombe.

Usiku alizungumza na Maria.


Alhamisi, 6 Machi

Nimemwomba Klara kitabu chake. Nimekaa nacho karibu na jiko la ndugu tangu asubuhi, Kiingereza changu cha ualimu na kamusi iliyochanika. Esta, Mnyaturu mmoja anayemuuguza mume wake mguu, ananitania kila akipita.

"Mwalimu, umekuja kuuguza au kuomba kazi ya udaktari? Ninyi Wanyiramba, mkiona karatasi hamwoni moshi. Ugali wako unaungua!"

Uliungua kweli.

Kitabu kinasema mtu aliyefiwa aweza kusikia sauti ya marehemu na bado akawa mzima. Ukurasa wa pili kinasema kusikia sauti ni dalili ya ugonjwa mkubwa. Nimesoma kurasa zote mbili mara nyingi. Sijui Dorkas yuko ukurasa gani. Nimeishi na mtu huyu tangu ujana na sijui!

Alasiri Antipasi akaniita ofisini. Akanipa shikamoo na kiti. Si mtu mbaya, niandike hivyo. Amechoka, macho mekundu, wodi nzima iko juu yake. Akaniambia gari linakwenda Dodoma Jumamosi, kwenye hospitali kubwa ya akili, na Dorkas atakuwamo. Nikauliza kama nitafuatana naye. Huko ndugu hawalali, akasema.

"Hali chakula, mzee. Atanifia hapa."

Nikamwambia habari ya mafiga. Nikamwambia Itundwi si ndoto, tumekaa pale miaka yote, yeyote wa tarafa ile anapajua.

"Mzee wangu, Itundwi haipo tena. Kwenye orodha ya vijiji haipo. Nikiandika kwamba mgonjwa anaishi Itundwi na yuko sawa, mganga mkuu atauliza ni nani kati yetu alazwe."

Akacheka kidogo. Mimi pia — kwa adabu tu. Kisha akasema kesho mchana atamuuliza tena. Akila, na akijibu ipasavyo, atamwacha hapa mikononi mwa Klara. Asipojibu, gari.

Siwezi kumpeleka mahali ambako hakuna hata mtu mmoja wa kumwita Mama Maria. Siwezi! Na kama kweli anaumwa, je? Kama huko ndiko kwenye dawa yake?


Ijumaa, 7 Machi, asubuhi

Nimemfundisha tangu alfajiri. Kama darasa la kwanza.

"Unaishi wapi? Sema: Kijiji cha Umoja."

"Wewe unaishi huko?"

"Sisi sote."

"Na Maria?"

Akanipapasa mkono, kama ndiye anayeuguza. Akasema, "Baba Maria, ulinifundisha kusoma Maandiko. Usinifundishe na hili."

Nimetoka nje nikalia kwenye bomba la maji. Mzee mzima! Klara akanikuta. Hakusema maneno ya kitabu. Alikaa kwenye saruji na gauni lake jeupe, akaniambia tu kwamba naye jana hakulala. Anasema akiandika kama mkufunzi anavyotaka, atafaulu. Akiandika anachokiona, hajui. Nikamuuliza anaona nini. "Naona bibi mwenye njaa na msiba, babu. Lakini mimi bado mwanafunzi. Naweza kuwa nimekosea." Hilo la mwisho lilinikata maini. Hata yeye hana hakika!

Nikamsimulia Esta. Nilitaka kwenda Itundwi kuyachukua hayo mawe, lakini korongo limejaa na basi halipo hadi Jumatatu. Esta akaweka mwiko chini. Akazunguka nyuma ya jiko, akarudi na mawe matatu kifuani, vumbi tupu, akayapanga mbele ya dirisha la wodi yetu. Akawasha moto. Uji wa mtama wake mwenyewe, si ule wa njano. Dorkas akasogea kwenye nondo.

"Mawe ya nani hayo?"

"Ya serikali, dada. Nimeyaiba."

Dorkas akacheka! Akacheka mpaka akashika nondo. Sijasikia kicheko kile tangu lori la kuhama. Akanywa nusu kikombe. Akasema uji mzuri, lakini ni uji wa ugenini, asante mwenyeji.

Nusu kikombe. Nimemwita Klara aje aone kikombe.


Ijumaa, mchana

Naandika nimesimama kwenye bomba. Sina muda.

Wamekuja. Antipasi, Klara na kadi, darasa lote. Klara ameeleza kwamba mgonjwa amekunywa uji, amecheka mahali pa kuchekesha, anajua watu. Sauti ndogo lakini hakusita. Antipasi akatikisa kichwa kukubali. Kweli alikubali! Akamwambia ni kazi nzuri, yamebaki maswali mawili tu.

"Leo siku gani, bibi?" — Ijumaa, akasema Dorkas, na kesho mna gari.

Nani alimwambia?

"Unaishi wapi?"

Dorkas alimtazama Antipasi, akamtazama Klara, akaona anavyoibana kadi kifuani. Nadhani alimwonea huruma. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwulizeni mume wangu. Yeye ndiye msomi. Atakalosema yeye, ndilo langu."

Antipasi akageuza kalamu kwangu. Anatabasamu, amefurahi, kazi imekuwa rahisi. "Haya mzee. Mnaishi wapi?"

Neno ninalo. Nimelisema tangu alfajiri. Nyuma ya mkufunzi, Klara alikuwa ananichezeshea midomo: U-mo-ja.

Na mimi ni mtu wa kuhama. Serikali ya Mwingereza ilitutoa kwetu, ng'ambo ya Kiomboi, kwa ajili ya mbung'o, nikiwa mdogo. Msitu ukafyekwa, nyumba zikachomwa. Tangu hapo nilipoulizwa kwetu wapi nilijiumauma. Nilipomwoa Dorkas, ndiye aliyeanza kunijibia. Popote, kwa yeyote, kabla sijafungua mdomo. "Wa Itundwi huyu." Leo kanirudishia swali mwenyewe.

Nikisema Umoja, anabaki. Anabaki na mtu aliyekiri mbele ya watu kwamba Maria ameachwa. Nikisema Itundwi, kesho gari, na kadi ya pili wataiandika jina langu.

Nilisema naomba nitoke kidogo. Haja. Darasa likapisha njia, kwa heshima.

Wananisubiri. Namwona Dorkas dirishani, ameshika nondo, ananitazama. Haogopi kitu. Mawe ya Esta bado yana moto.

Klara amefika mlangoni. "Babu, mkufunzi anauliza."

Nimemwambia nakuja.