Mpunga wa Shemeji na Mahindi Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Maujudi Shalabi. Umri: miaka 58. Kazi: mkulima. Makazi: kijiji cha Kafr Sanhara, mkoa wa Minufiya.

Mnamo tarehe 2 Mei, baada ya sala ya alasiri, wakulima sita wa mfereji wetu tulikutana kwangu. Wilayani kwetu mpunga umepigwa marufuku kwa uhaba wa maji. Tulikubaliana sote tupande mahindi, maana mmoja akipanda mpunga, maji yake hupenya ardhini na kuozesha mahindi ya jirani. Tukafunga mapatano kwa kusoma Fatiha. Zaghlul Darwish, kaka wa mke wangu, ambaye shamba lake limepakana na langu, alisoma kwa sauti kubwa kuliko sote.

Tarehe 6 Mei nilipanda mahindi. Tarehe 3 Juni nilimpeleka mke wangu hospitali mjini Tanta kupasuliwa nyongo. Tulirudi tarehe 14, saa nne asubuhi. Shamba la Zaghlul lilikuwa limejaa maji na miche ya mpunga. Mahindi yangu yalikuwa manjano. Nilivuta shina moja, likatoka na mizizi iliyooza. Nilikaa pale pale topeni.

Nikamwendea. Nikamwuliza, "Shemeji, ile Fatiha ilikuwa ya nini?"

Akacheka. "Kusoma nilisoma, lakini amin sikusema. Waulize waliokuwepo."

Nikamwambia sheria ipo. Akasema, "Sheria ni ya waoga kama wewe. Faini wanaandika kila mwaka, na kila mwaka wanasamehe. Ungepanda na wewe, saa hizi tungekuwa tunakunywa chai."

Nikazunguka mfereji mzima. Wenzangu wote watano walikuwa na mpunga. Mwenye mahindi ni mimi tu.

Mahindi yale ndiyo mkate wa nyumba yangu na chakula cha nyati wetu wa kufugwa, tunayemkamua maziwa. Nimeumia sana. Mke wangu, mshono haujakauka, amenisihi nisimtaje kaka yake. Nimemtaja.

Afisa anayeandika maelezo haya ameniuliza mwakani nitapanda nini. Nimejibu: mpunga. Akasema jibu hilo si lazima liandikwe. Nimemwomba aliandike.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina la kuongeza.

Sahihi: M. Shalabi

Maelezo yamesomwa mbele ya shahidi, akakiri ni yake. Ameonywa kuhusu jibu la mwisho. Amekataa lifutwe.

Afisa mwandishi: R. Ghunaim, 16 Juni, saa 6:20 mchana.