Kiti cha Fundi Saa, Same

Mama, shikamoo. Same ni vumbi na upepo, ila makande ya mwenyeji wangu yamenipa mashavu.

Unakumbuka niliposema chuoni nasomea kugeuza mwanga ndani ya utando mwembamba, yaani mwanga unaotikisika wima utikisike umelala? Ukauliza, "Mwanga nao unalala?"

Leo sokoni mzee mmoja mfugaji alikuwa anamfokea fundi saa: "Umeniulia saa ya binti yangu!" Saa yenyewe ya dijitali, zawadi kutoka Dar. Utando wa kioo ulikuwa umebabuka kwa jua. Fundi akabandika mwingine aliouchuna kwenye kalkuleta mbovu, namba zikapotea zote. Nikaomba niubandue. Nikauzungusha taratibu juu ya kioo, namba zikarudi, nyeusi tii! Kumbe fundi aliukata mshazari, na utando ule hupitisha tu mwanga unaotikisika upande mmoja. Mzee akanishika mikono yote miwili, hataki kuiachia. Fundi naye akanisogezea kiti: "Dada, ukikosa ajira serikalini, hapa ni kwako."

Basi mwambie Baba aache kukosa usingizi juu ya ajira yangu. Sijahitimu bado, na kiti tayari ninacho.

Nawapenda mno.
Mwanao, Zuhura