Mkasi Wangu Hauuzwi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Ushauri wa kuuza cherehani nije kukaa kwako naurudisha ulikotoka. Hapa hatujambo, isipokuwa paka wa jirani bado analala juu ya vitambaa vya wateja.

Unaijua tabia yangu: vidole vikiingia kwenye tundu za mkasi bila kuuma, vidonge vya baridi yabisi naviacha kabatini. Wiki iliyopita vidole viliingia vizuri kabisa, ila ngazi za dukani zikanikalisha katikati, kifua kimebana.

Hospitalini daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na moyo, mama, unaupima kwa mkasi upi?” Akaniambia uvimbe unaoniumiza vidole ndio huo huo unaoharibu mishipa ya damu kimyakimya, hata mikono ikitulia, na moyo ndio unaoelemewa.

Basi vidonge nitavimeza kama alivyoandika, nijisikie vizuri nisijisikie. Lakini kuja kukaa kwenye kochi lako nihesabiwe pumzi, hilo sahau. Nitumie vipimo vya gauni lako, na kiuno usinidanganye. Kuanzia sasa mkasi wangu ni wa kukatia nguo tu.

Dada yako, fundi bado