Mlango Niliopita Bila Kubisha

Dada mpendwa,

Goti langu limepata nafuu, na cherehani bado inanilisha. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka tu.

Unamkumbuka yule jirani aliyewaonyesha askari mlango wetu siku walipomchukua baba? Naye alikimbilia huku ukimbizini kama mimi, akaugua. Sisi wazee wa kanisa hugawana wagonjwa wa kupelekewa mkate wa meza ya Bwana, na yeye aliangukia kwangu. Nilikuandikia kwamba nimemsamehe. Kumbe kila Jumapili nilipita mlangoni pake bila kubisha, kisha nikamwambia mchungaji, "Nimemkuta amelala."

Jumanne tulimzika. Mkewe alinishika mkono.

"Najua ulibanwa na kazi, mzee. Kila Jumapili alikuwa akiniambia, 'Nivalishe shati, mtoto wa jirani anakuja. Nina neno la kumwambia.'"

Miezi minne nilipiga magoti nikiomba nipewe moyo wa kusamehe, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, amevaa, ananingoja.

Kabla sijaugusa tena mkate ule, nitamweleza mchungaji ukweli. Nimeanza na wewe.

Mdogo wako,
fundi